Mkono wa Pampu

Wiki jana nilirudi Aroi kutoka Koboko, ninakouza samaki wakavu, nikaikuta pampu ya kijiji haina mkono. Mama mmoja mwenye jerikani akanieleza, "Iko kwa mwenyekiti." Nikaenda kwake moja kwa moja, ndugu yangu. Jambo hili nalijua tangu utoto.

Enzi zetu pampu ililia kwii-kwaa alfajiri mpaka magharibi. Dada yangu mdogo hakuwa na uzito, kwa hiyo aliulalia mkono kwa tumbo, miguu hewani, mpaka maji yatoke. Nyumbani bibi yetu alikuwa anasonga ugali wa muhogo, moshi umejaa jikoni.

Kisha mwenyekiti wa maji akaanza kufyatua matofali. Akaufungua mkono kwa spana, akaubeba kwake, awe anapiga pampu yeye tu, kwa udongo wa matofali yake. Bibi alikwenda kumwomba. Mwenyekiti akacheka. "Mama mzee, pampu iko ya watu yote. Mkono iko yangu."

Tukarudi kijitoni. Upande wa juu wa kijito wanawake waliloweka muhogo, na juu zaidi watu walikwenda haja vichakani. Bibi alichuja kwa kitambaa, akasema, "Tazama, maji iko nyeupe. Ugonjwa iko wapi?"

Jirani yetu akafa kwa kuhara. Kwetu matangani mtungi huwekwa uani, kata moja inazunguka, na anayekataa kunywa anaonekana alimchukia marehemu. Nesi alipita akisema tuchemshe. Wazee wakamtania, "Sista, maji ya kilio nayo ipikwe kama chai?" Watu wakacheka. Mtungi ule niliujaza mimi, maji ya kijitoni. Dada alikunywa mara mbili, jua lilikuwa kali.

Kesho yake tuliugua wote wawili, mimi na dada. Tulipakiwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali ya Kuluva, mbele ya mji wa Arua. Njiani macho yake yalizama, akaomba maji, bibi akampa ya kibuyu. Yale yale. Hatukufika naye Arua.

Kwenye matanga ya dada mwenyekiti alikuja na chupa yake, maji ya pampu. Simung'unyi maneno: yeye alimuua, na wale wazee waliomtania nesi, na mimi niliyejaza.

Sasa mwenyekiti ni mwanawe. Nilimkuta uani, mkono wa pampu umeegemea matofali mabichi. "Karibu, mama. Kunywa, iko baridi."

Sikunywa. Nje ya ua kitoto cha kike kilipita na jerikani tupu, kikiteremka kijitoni. Pampu ilikuwa kimya, na chini kijitoni kulikuwa na watu wakichota.