Shangazi na Picha Iliyogoma Kuondoka

Mimi ni fundi wa kompyuta wa hospitali, na kiburi ninacho, sifichi. Kwa hiyo kisa hiki cha shangazi yangu nakisimulia huku nikijisuta.

Miaka kumi na tisa shangazi alikuwa mpokea simu wa hospitali hiyohiyo. Simu za mkononi zilipoigeuza mitambo yake kuwa chuma chakavu, wakampeleka chumba cha eksirei, apange bahasha na kuita wagonjwa. Hakununa.

Asubuhi moja akaletwa mwashi aliyeanguka toka ghorofani. Jeraha la mgongoni lilivuja damu, wauguzi wakataka kumgeuza walifunge. Daktari akahofia shingo. Bingwa wa mifupa wa mji mwingine aione picha ya eksirei kwanza, akasema, ila saa nne bingwa anaingia kwenye upasuaji. "Tukikosa jibu, tutamgeuza hivyohivyo."

Saa tatu u nusu nilikuwa chumba cha eksirei, nikihangaika kuituma kwa kompyuta. Kompyuta ya bingwa ilijibu, ikakubali jina letu na neno la siri. Nikituma picha, kimya. Nikabadilisha waya. Nikazima, nikawasha. Nikamfokea kwa simu fundi wa upande wa bingwa, maskini, asiye na kosa.

"Baba," shangazi akaniuliza, "salamu zinafika, ila picha haipiti?"

"Ndiyo, shangazi. Niache kidogo."

"Na njia ya hiyo picha nani anaifungua? Sisi au wao?"

Nilitaka kumjibu hovyo, nikafikiri kwanza. Wao. Sisi tuliwatajia mlango wa kompyuta yetu, wao ndio waje kuugonga. Na ukuta wa ulinzi wa hospitali, nilioujenga mwenyewe kwa mbwembwe, haumfungulii anayegonga kutoka nje.

"Enzi zangu simu ya nje haikuruhusiwa kuingia wodini," akasema, bahasha mkononi. "Mgonjwa akiwaambia nduguze wampigie, atangoja mpaka achoke. Nilikuwa namwambia, waombe namba yao, upige wewe."

Mimi na vyeti vyangu ukutani! Nikafungua mipangilio, nikatoa mtindo uitwao aktivu, nikaweka uitwao pasivu: wao wataje mlango, sisi tugonge. Picha ikaondoka palepale.

Saa nne kasoro dakika tatu bingwa akapiga simu. "Msimgeuze. Shingo imevunjika. Mkimgeuza alivyo, hatatembea tena."

Nikatoka mbio. Wodini wauguzi wanne walikuwa wameshashika kingo za shuka, wanahesabu hadi tatu wamgeuze. Walishafika mbili.

"Acheni," nikasema, pumzi sina.

Wakaachia polepole. Mwashi akafumbua macho, akauliza kuna nini. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yake. Vilikuwa vinacheza.