Baba yao amekatika mkono: fidia yake ni riziki ya watoto au si riziki?

Bibi huyu wa visiwa vya Lamu ametuomba tulifiche jina lake na la mtaa wake. Maneno ni yake mwenyewe.

Bwana mtunza ukurasa, nanyi wasomaji, wake kwa waume, asalaam alaykum. Huku kwetu mamangu hajambo ila magoti, kila asubuhi hadi nimkande. Shangazi yangu hajambo, awasalimu ingawa hawajui. Kakangu hajambo, mkewe amejifungua salama. Binti yangu wa miaka saba hajambo, na mdogo wake wa kiume hajambo, siku hizi asema hadi tumwombe anyamaze. Mimi ndiye mwenye jambo.

Umri wangu nakisia miaka ishirini na minane, mamangu asema nilizaliwa mwaka wa nzige. Nimesoma chuoni tu, Kurani na kidogo cha kuandika, basi mkiona makosa nisitirini. Nimeachika, eda imekwisha zamani, na nashona kofia.

Baba watoto ni fundi wa vyombo vya baharini, mtu wa Matondoni. Tulipoachana alikwenda Mombasa kufanya kazi bandarini, na kila mwezi alileta posho ya watoto, sikuwa na la kumlaumu. Mwaka jana kamba ya mzigo ilikatika, mkono wake wa kulia ukasagika, wakaukata juu ya kiwiko. Tulilia nyumba nzima, hata mamangu asiyempenda alilia.

Kampuni ikampa fidia, akarudi kwa mamake. Posho ikakatika. Nikangoja, nikasema bado auguza jeraha. Lakini kofia moja naishona miezi, na watoto hawangoji kofia. Nikamtuma kakangu kwa mamake. Akarudi na maneno haya: "Mwambie dadako, mwanangu hakuchuma pesa hizi. Huu ni mkono wake. Ataka kuula?"

Ndipo tukaenda kwa kadhi. Nilikaa nyuma na shangazi. Baba watoto akasema, "Sheikh, nilikuwa na mshahara, umekwenda na mkono. Hii ni damu yangu."

Kadhi akamuuliza, "Ulipokuwa na mkono, wanao walikula wapi?"

Akainama. "Kwenye mkono huo."

"Basi uchungu ni wako, hapana mwenye fungu nao. Lakini ndani ya fedha hizo imo kazi ambayo ungeifanya, na katika kazi hiyo wamo wanao. Nendeni mkaelewane. Msipoelewana nitakata mimi fungu lao."

Huruma ikanishika, nikasema kwa nyuma nimesamehe. Kadhi akanigeukia. "Bibi, samehe chako. Cha watoto si chako."

Baada ya siku chache baba watoto akaleta mchele nusu gunia, kwa siri, mamake asijue. Nilifurahi, nikapika wali wa nazi na samaki. Nikamwita binti yangu, "Ndoo, mwanangu, uje ule." Akafumba mdomo. "Mjomba alisema, bibi amesema huu ni mkono wa baba." Mdogo wake akaitazama sahani, akauliza, "Kidole ki wapi?" Shangazi alicheka hadi akajipiga mapaja. Mimi niliingia ndani nikalia.

Alhamisi baba yao akaja mwenyewe, akaketi dakani, kwenye baraza la mlangoni, mimi niko nyuma ya mlango. Tukamtolea sahani ya wali. Hakuigusa. Kwetu hapana asiyejua mkono wa kushoto kazi yake ni ipi, nao ndio uliombakia. Binti yangu akaketi karibu yake, akafinyanga tonge, akamlisha. Akamlisha tena.

"Na wewe kula, mama."

"Siwezi, baba. Nikiumaliza huu, utakwisha na ule mwingine."

Nilimsikia mtu mzima akilia. Kisha akasema na mlango, "Mama watoto, mimi si mchoyo. Randa siishiki tena. Nataka punda wawili wa kubeba mawe na mchanga, nipate kulisha hawa. Fedha zikikatwa sasa, sipati hata mmoja, nitakaa mlango wa msikiti. Ningoje mwaka."

"Na mwaka huo wale nini?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Kakangu asema nisidanganyike na machozi, kadhi amekwishasema. Mamangu asema mtu asiye na mkono asiondolewe na miguu. Shangazi asema niolewe tena, kama kwamba waume wauzwa sokoni.

Binti yangu sasa hula muhogo tu. Ule mchele nimeufunga, uko jikoni, hapana augusaye.

Nishaurini, ndugu zangu. Nimpe baba yao huo mwaka, au nimwache kadhi akate? Na walio na watoto, niambieni nimwambie nini huyu wangu apate kula. Nawaomba jibu lije upesi, mwezi ukiandama tu twaitwa tena kwa kadhi, na mtoto amekonda.