Mjane wa Ahero na Nyumba ya Magurudumu

Saa tano asubuhi, sufuria ya maharagwe inachemka bila mwangalizi. Mpishi wake, Seline Oduor, amepiga magoti ndani ya gari bovu, kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi, anadungadunga sakafu.

Karibu na sinki kisu kinazama mpaka mpini. Seline anafunua zulia la plastiki, jipya kabisa, na chini yake ubao umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Anasimama mlangoni na kuita kwa sauti inayofika gereji ya tatu.

"Muhidin! Hii zulia uliweka lini?"

Muhidin, mwenye uwanja huu wa magari makuukuu karibu na soko la Kibuye mjini Kisumu, anatoka ofisini akijikuna shingo. "Mama Elsie, hiyo ni ya kupendezesha tu."

"Kupendezesha ama kufunika? Mimi nakupikia kila siku, sijawahi kukufunikia nyama imeoza."

Mafundi wanacheka mpaka spana zinawaanguka. Muhidin naye anacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa mkono ndani ya chungu, na kabla ya chakula cha mchana bei ya gari imeshuka kutoka shilingi elfu thelathini hadi ishirini.

Gari lenyewe si la kawaida. Nyuma ya kiti cha dereva kuna chumba kizima: vitanda vitatu, kabati, meza ya kukunja, sinki na jiko la gesi. Wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, walikuwa wakizunguka nalo Afrika mpaka injini ikawafia nje ya Kisumu mwaka 1991. Walimuuzia Muhidin kwa nauli ya ndege wakaenda zao. Liliundwa mwaka 1972. Mafundi wanaliita Loji.

Kwa miaka minne Seline, mwenye umri wa miaka 38, amepika kwenye kivuli cha Loji chakula cha mafundi hawa. Mvua ikija, huingia ndani na sufuria zake. Ndiyo maana leo amekagua sakafu, mlango na madirisha, lakini paa hakuligusa.

"Mvua ya mawe imenikuta humo ndani," anasema. "Hata tone moja haikuniangukia. Kule mtaani Nyalenda nalipa kodi kila mwezi, na mvua ikinyesha tunahamisha kitanda usiku kucha kama watu wa kucheza drafti."

Msomaji atauliza: mama muuza maharagwe, ambaye siku njema hubaki na faida ya shilingi themanini, anataka gari la kulala la nini? Jibu lake linaudhi, na ni afadhali lisemwe lote.

Seline aliolewa Ahero, katika uwanda wa Kano, na mwanamume aliyeitwa Oduor, dereva wa trekta. Walikuwa na nyumba ya udongo, binti mmoja, Elsie, na shamba la mpunga ambalo Oduor mwenyewe alilichimbia mitaro. Oduor alifariki mwaka 1990. Aprili iliyofuata mafuriko yakaja, kama yajavyo Kano, yakaondoka na ukuta mmoja wa nyumba. Kufikia Juni kuta tatu zilizobaki zilikuwa zimemfuata mwenzao.

Nyumba za majirani zilisimamishwa tena kabla matope hayajakauka. Ya Seline haikuguswa. Kwa desturi ya nyumbani kwao, nyumba ya mjane haijengwi wala kuezekwa upya mpaka mjane arithiwe, yaani mwanamume mwingine, ambaye huitwa jater, ashike nafasi ya marehemu. Seline alitafuta fundi mgeni kutoka Nyalenda. Fundi alichimba mashimo mawili ya nguzo, akanong'onezwa jambo na watu wa pale, akakusanya vifaa vyake.

"Alinirudishia pesa yangu yote, hata ya nauli," Seline anakumbuka. "Waliambia yeye atakufa."

Mwanamume aliyejitokeza kuwa jater, bila kuombwa na mtu, alikuwa Ouma, mdogo wake marehemu. Ouma tayari alikuwa amemrithi mjane mwingine huko Bondo.

"Huyo mama alizikwa Desemba," Seline anasema, na hapa anaacha kukoroga. "Krismasi, Ouma akaja kwangu na soda. Bwana yangu alikufa amekonda, hakuna mtu alitaka kusema ni ugonjwa gani. Sasa nifunge macho niingie tena? Nikienda, Elsie atabaki na nani? Nilimwambia, shemeji, soda yako rudi nayo."

Akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna aliyemfukuza Seline Ahero. Walimnyima nguzo tu, wakangoja. Alipopanga chumba Nyalenda, Ouma aliingia katika shamba la mpunga "kulishikilia kidogo", na amelishikilia kwa mavuno manne bila kumpelekea mjane wa kaka yake hata debe la mchele.

Mwezi uliopita ukoo ulikaa na kuamua: asiye na nyumba bomani hana shamba bomani. Mvua za Machi mwaka huu wa 1995 zikianza kabla Seline hajarudi kukaa kwake, shamba ni la Ouma moja kwa moja.

Yaani wanaomzuia kujenga ndio hao hao wanaomhukumu kwa kutojenga. Kwa Kiswahili chepesi huo ni wizi, na wizi unaofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa chai unatia kichefuchefu zaidi. Wanaume wazima waliketi, wakakubaliana, wakapeana mikono, wakaenda nyumbani kula mchele wa marehemu.

Wazo la Loji lilimjia Seline mvua za Novemba, akiwa amejibanza ndani na sufuria ya ndengu magotini.

"Nikajiuliza, hii nyumba nani alijenga? Hakuna mtu wa kwetu. Hakuna mtu alichimba shimo. Desturi inakataa nijengewe. Haikukataa ninunue kitu imeshajengwa."

Tangu siku hiyo amekuwa akilichunguza. Gereji nzima ilimwona amerukwa na akili. Wanunuzi waliokuja kabla yake walifungua boneti kwanza, wakaifunga, wakaondoka. Seline boneti hajawahi kuigusa. "Mimi siendi nayo Mombasa," aliwaambia. "Mimi nataka ikae."

Waliaula, fundi mkuu wa uwanja, alijaribu kumzuia kwa nia njema. "Mama, gari bila injini ni bati tu. Na hii miaka ishirini na tatu! Kutu imeingia chini, ubao umeoza, raba za madirisha zimeisha. Nunua mabati, ujenge kibanda mahali."

"Mahali gani?" Seline alimuuliza.

Akiba yake ya miaka minne ilitosha bei ya Muhidin na kubaki kidogo cha kuvutia gari mpaka Ahero. Kilichobaki ni kuwaarifu wazee, maana Seline hakutaka kuingia bomani kama mwizi. Jumapili iliyopita akaenda.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Ouma, kwenye viti vyenye vitambaa vilivyofumwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ogola, mkubwa wa ukoo. Chai ilimiminwa na Milka, jirani aliyefiwa na mumewe mwaka mmoja na Seline, akakubali kurithiwa ili paa lake lisivuje.

Seline alieleza kwa heshima kwamba anataka kuleta gari na kuliegesha palipokuwa nyumba yake. Ouma aliruka kabla hajamaliza.

"Gari gani iko na kitanda na jiko? Wazee, hiyo ni nyumba! Huyu anataka kutuletea chira hapa," alisema, akitaja laana inayoogopwa na kila aliyekuwa sebuleni.

"Kama ni nyumba, ni nani alijenga?" Seline aliuliza.

"Wazungu," alijibu mtu mmoja pembeni, na kikao kikacheka. Ouma hakucheka.

Mzee Ogola alifikiri mpaka chai ikapoa. Halafu akatoa hukumu, naye huwa harudii neno. "Nyumba ni mti umechimbiwa kwa udongo. Hiyo kitu haina mti, basi ni gari, na mjane hajakatazwa gari. Akilala ndani yake, tutahesabu amerudi kukaa kwake. Lakini gari hutembea. Ikikaa mpaka nyasi iote katikati ya magurudumu, hiyo imeshakuwa nyumba, na nyumba ya mjane tunajua mambo yake. Kila msimu tuone imetoka mahali ilikuwa."

Seline aliona Ouma akitabasamu. Siku ya pili ndipo alipojua sababu. Jumamosi, kabla ya kikao, shemeji yake, aliyekwisha kusikia tetesi za Loji, alikuwa amefika gereji akijifanya mteja.

"Mimi nilidhani anataka kununua," Waliaula anasema, amejishika kichwa. "Nikamwambia ukweli, injini imekufa kabisa, asipoteze pesa yake. Alinishukuru sana. Alininunulia hata chapati."

Chapati hiyo ilikuwa ya Seline.

Hapo ndipo hesabu yote ilipopinduka. Injini nyingine, hata ya kuokotwa, ingekuwa mara mbili ya bei ya gari. Gari lililomfaa kwa sababu halitembei sasa lilitakiwa litembee. Mchana huo Seline aligawa chakula alichosahau kukitia chumvi, na hakuna fundi aliyethubutu kulalamika.

Hata Muhidin aliona huruma. "Mama Elsie, usinunue," alimwambia. "Mimi ni mfanyabiashara, lakini pesa hii yako itaniunguza. Tafuta njia nyingine."

"Njia nyingine ni Ouma," Seline alimjibu.

Jioni alipomaliza kuosha sahani alimfuata Waliaula, ambaye alikuwa akinawa mikono kwa petroli, na akamuuliza swali ambalo hakuna mnunuzi aliyewahi kuuliza kuhusu Loji.

"Wacha injini. Magurudumu yenyewe yanaweza kuzunguka?"

Waliaula aliingia chini na kurunzi. Breki zilikuwa zimegandia kutu, matairi mawili hayakuwa na upepo, lakini ekseli zilikuwa nzima. Kesho yake mafundi waliacha kazi za wateja, wakazifungua breki, wakalipaka grisi kila mahali panapozunguka. Watu wanane wakasukuma. Loji, ambalo halikuwa limesogea tangu 1991, lililia kama fisi, likaenda mpaka getini.

Seline hakungoja hata kulipwa sahani za siku hiyo. Alipanda gari la abiria mpaka Ahero, akaenda moja kwa moja kwa Milka, ambaye marehemu mumewe alimwachia fahali wanne wa kulimia.

"Hawa ng'ombe wanaweza kuvuta nyumba?" alimuuliza.

"Wanavuta jembe kwa udongo ya Kano," Milka alijibu. "Hiyo iko na magurudumu, watafikiri ni likizo."

Wakaenda wote wawili kwa Mzee Ogola. Ouma alipopata habari alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo. Alisema huu ni ujanja wa mjini, gari la kuvutwa na ng'ombe si gari, na wazee wanachezewa ndevu.

Mgala muue na haki umpe. Mzee Ogola ni mtu wa desturi, na desturi hiyo imewaumiza wengi, lakini neno lake hakuligeuza ili kumpendeza jamaa yake. "Nilisema itembee," alimwambia Ouma. "Sikusema ipige honi."

Kwa hiyo leo alasiri Seline Oduor amemhesabia Muhidin noti zake juu ya boneti ile ile ambayo hakuwahi kuifungua. Muhidin amemrudishia za kununulia ubao wa sakafu, na akaapa kwamba hataki shukrani. Jumamosi lori la mchanga litalivuta Loji mpaka Ahero. Elsie, aliye darasa la nane, amekwisha kuchagua kitanda cha juu.

Yako mambo ambayo gari hili halitatibu. Kutu ipo. Mafuriko yatarudi, ingawa sasa, Seline anasema, yakija nyumba itapanda mwinuko pamoja naye. Mavuno manne yaliyoliwa na Ouma hakuna kikao kilichoyaulizia, na haifai nchi hii kuona kawaida kwamba mama mwenye mikono miwili na haki zake zote alazimike kuishi juu ya matairi ili asipewe mume asiyemtaka.

Siku ile walipotoka kwa Mzee Ogola, Milka alimsindikiza Seline mpaka barabarani. Njiani akauliza kwa sauti ndogo vitanda vya Loji ni vingapi. Seline akamwambia ni vitatu. "Wewe na Elsie mnalalia viwili," Milka alisema.

Mpunga utapandwa Machi. Seline amekwisha kupanga: baada ya kupanda, fahali watalivuta gari mpaka upande wa mtaro, baada ya kuvuna, watalivuta lirudi. Aliulizwa kama hachoki kufikiria kuhamahama katika shamba lake mwenyewe mpaka uzeeni.

"Wakisema nihame, nitahama," alisema, akifunika sufuria. "Nitahama leo, nitahama kesho, ndani ya shamba ya bwana yangu. Wacha wachoke wao."