Greda la mtumba, barabara ya Pangi na mama mkwe wangu

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri, ingawa sidhani kama mmebaki wengi humu. Wengine wote, marahaba.

Juzi kijana mmoja aliye Canada aliuliza hapa jukwaani kama anunue greda lililotumika, apate tenda ya kukwangua theluji barabarani. Mmemjibu mambo ya bei na matairi. Nimesoma komenti zote mpaka macho yakauma, nikaona nami niseme ninachokijua.

Theluji sijaiona. Lakini greda la mtumba nimeliendesha, nimelitengeneza, na limenizeesha kabla ya wakati wangu. Ninayoandika hapa siyo chai. Yalinikuta mwenyewe nikiwa Kindu, kule Kongo, enzi za Mbelgiji, miaka ile ya mwisho mwisho kabla hajafungasha.

Sasa naishi Kigoma kwa binti yangu na naandika kwa kidole kimoja. Mnivumilie.

Wakati ule kila kijiji cha kando ya barabara kilikuwa na kipande chake cha kutunza. Kwa jembe na kikapu. Mvua ikifukua shimo, mnachimba udongo mwekundu porini, mnaubeba kichwani, mnajaza, mnashindilia. Kesho yake mvua inanyesha tena. Ukikataa unafungwa.

Msimamizi wa kipande aliitwa kapita. Kapita wa kijiji cha wakwe zangu, njia ya kwenda Pangi, alikuwa baba mkwe wangu mwenyewe, Mzee Lusangi.

Makapita wengine walisimama kivulini wakipiga kelele. Huyu alilima barabara pamoja na watu wake tangu ujana. Nilipomuoa binti yake Asina, mgongo wa mzee ulikuwa umekwisha. Kuinama aliweza. Kuinuka ilikuwa mpaka ashike kitu au mtu. Na wakati wote huo mpunga wake unaliwa na ndege shambani, maana mwenyewe yuko barabarani.

Iliniuma sana. Ukioa kwa watu unatamani wakuone umewaletea nafuu, sasa mimi nilikuwa napita na lori la tajiri, nawarushia tope.

Tajiri wangu alikuwa Bwana Salumu, muuza mchele pale Kindu. Barabara ya Pangi ilikuwa inamla springi za malori mpaka akakonda. Ndipo akaenda kwa mzungu wa barabara, mkaguzi wa serikali, wakakubaliana hivi: Bwana Salumu atanunua greda, atatunza kipande kile msimu mzima wa mvua, na malori yake yatapita hata vizuizi vya mvua, vile vya kuzuia magari barabara ikilowa, vikifungwa. Na watu wa kijiji, kama greda linafanya kazi, hawataitwa tena kulima barabara.

Ila barabara ikizibika hata siku moja, makubaliano yamekufa. Majembe yanarudi.

Niliposikia hivyo nikasema hilo greda nitaliendesha mimi.

Tukalifuata upande wa Kalima, kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Tulilikuta limepakwa rangi mpya ya njano, linanguruma vizuri, mwenyewe amesimama pembeni na sigara. Bwana Salumu akalizunguka mara moja tu na kulipenda.

Hapa ndugu wa Canada, weka akili. Lilikuwa limeshawashwa kabla hatujafika. Injini yenye moto kila mtu anaiona nzima. Ungeniambia leo, ningekaa pale mpaka ipoe kabisa, nikale, nikalale, ndipo niseme haya, liwashe nione.

Maana kulala kwake ndiko kulikuwa na ugonjwa. Ile injini kubwa ya dizeli haikuwaka yenyewe. Ubavuni ilikuwa na injini ndogo ya petroli. Unaiwasha ndogo kwanza, inapata moto, ndipo inaizungusha kubwa. Na hiyo ndogo ilikuwa imechoka kuliko mimi ninavyoandika hapa. Siku njema inakubali. Siku yenye unyevu inakohoa tu. Na kule Maniema, jimbo la Kindu, msimu wa mvua, niambie siku isiyo na unyevu.

Breki nazo hazishiki. Gia inaruka yenyewe. Kwa hiyo ukishuka ukaliacha linanguruma, linaanza safari bila wewe. Lazima ulizime.

Pia shika lile panga la kukwangulia ulitikise kwa mikono miwili. La kwetu lilicheza kama jino la mtoto, sisi tukadhani ndivyo lilivyoumbwa.

Watu wa kijiji walilipenda. Walivyoona linavyofukua ardhi kwa pua wakaliita Nguruwe. Bwana Salumu alikasirika kweli kweli.

"Mimi niko Muislamu! Musiite mali yangu nguruwe!"

Wakacheka, wakaendelea kuliita hivyo hivyo.

Matengenezo sasa. Grisi ilikuja kwa treni, na treni ilikuja ilipotaka. Ikitukatikia tulipaka mawese. Ndiyo, mawese ya kupikia. Tulikuwa nayo tele, yanateleza, tukajiona wajanja. Vumbi likaganda humo likawa msasa, likasaga meno ya lile duara linalogeuza panga. Siafu wakahamia. Mbuzi wa kijiji wakawa wanakuja kulilamba likiwa limeegeshwa. Tafadhali msicheke sana, tulikuwa na dhiki. Panga lilipoisha makali, mafundi wa karakana pale Kindu walitufungia springi kuukuu ya lori badala ya chuma chake.

Lakini barabara ilisimama! Mvua za kwanza zilikuja zikapita, maji yakafuata mitaro. Mzee Lusangi akawa anashinda shambani kwake analinda mpunga. Asina aliniambia baba yake amelala mchana, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu azaliwe. Nilifurahi nusura niimbe.

Tatizo lilikuwa mama mkwe.

Vijana wa siku hizi mnapiga picha na mama mkwe mmekumbatiana. Kwetu hapana. Mkwe hakutani na mama wa mke wake uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia majani, unampa mgongo mpaka apite. Sembuse kumkalia juu, kwenye kiti cha greda, unampita na moshi!

Na shamba lake lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo kila alipotokea na kikapu chake, nazima, naruka, naingia majani. Akishapita, narudi kubembeleza ile injini ndogo. Petroli inakwisha, mikono inachubuka. Yeye masikini alikuwa anakaribia kukimbia ili anipunguzie. Bwana Salumu alipojua akashika kichwa, akaniuliza kwa Kiswahili cha kule, wanakosema "njo" kwa "ndiyo".

"Dereva, mashini njo yangu ao ya mama mukwe wako?"

"Bwana, mashini iko yako. Lakini Asina, bibi yangu, njo mutoto yake."

Akaniacha niendelee na kazi. Naye alikuwa na wakwe.

Sasa ikaja siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na tulijua mzungu wa barabara anatoka Pangi asubuhi ile kuangalia. Nilikuwa kwenye mteremko wa kijito, nimeshusha panga mtaroni, nafungua njia ya maji. Pale ndipo pabaya kuliko pote. Mahali kama pale unapita na moto wako, husimami.

Mama mkwe akatoka kwenye kijia, na kikapu cha mihogo kichwani, mbele yangu kabisa.

Nilizima. Nikaruka. Nikaingia majani, nikampa mgongo.

Nilisikia miguu yake ikikimbia kwenye tope. Halafu nikasikia mlio mwingine, kama mtu anayemeza. Nilipogeuka, ukingo wa barabara ulikuwa umeporomoka, Nguruwe ameteleza taratibu, pua mtaroni, makalio katikati ya barabara.

Nikaikimbilia injini ndogo. Ikakohoa. Nikaizungusha mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Ikanyamaza kabisa.

Gari la mzungu likaja likasimama upande wa pili. Hata kupita kwa mguu ilikuwa shida. Akaangalia greda, akaniangalia mimi na mikono yangu ya damu, akasema maneno machache tu.

"Kesho watu yote ku barabara. Na jembe."

Jioni Asina alikuja na ujumbe wa mama yake, maana mwenyewe hawezi kusema nami.

"Mama anasema, mukwe alinieshimu mbele ya watu, namushukuru. Lakini leo angenipita tu. Eshima yangu njo mugongo ya baba inailipa."

Wakuu, nililia. Mpaka leo sijui ningefanyaje. Kumpita nisingeweza, mwili wenyewe ungekataa. Na kusimama pale ndiko kulikowamaliza.

Asubuhi nilikwenda. Bwana Salumu hakuwa na lori la kunipa wala hamu ya kuniona. Mzee Lusangi alikuwa ameshawapanga watu wake, ameshika jembe lake, anatafuta pa kushikia ainuke. Nikalichukua mkononi mwake.

"Baba, endeni mulinde mupunga. Mimi niko hapa."

"Kapita njo mimi, mwanangu."

"Iko mimi leo, baba. Na kesho."

Mzungu alipopita hakuangalia nyuso, alihesabu majembe. Yalitimia. Nililima mpaka mvua zikaisha, na mzee alivuna mpunga wake kwa mara ya kwanza bila ndege kumtangulia. Greda tulilisukumia lote mtaroni kijiji kizima, likaozea humo, watu wakachomoa vyuma vyake vya kutengenezea visu.

Somo langu kwa ndugu wa Canada ni hili. Usiulize tu greda linakwenda vipi. Uliza likisimama litawaka tena? Maana muuzaji anajua injini yake, lakini hajui unaishi na nani, na huko barabarani utasimama kwa ajili ya watu ambao yeye hawajui kabisa. Kama halijui kusimama, liache hata kama rangi inang'aa.

Mama mkwe aliendelea kuvuka barabara asubuhi na jioni na kikapu chake. Kila akitokea, nachomeka jembe ardhini, naingia majani, nampa mgongo. Akishapita narudi, nalikuta liko pale pale, halihitaji kuwashwa.

Mliowahi kumiliki mitambo mikuukuu, au mlio na wakwe wa kuheshimu hivyo, leteni na yenu. Nitasoma polepole.