Kadi za Akina Doto

Nijiseme mwenyewe kabla sijasemwa: yule msichana nilimwonea wivu tangu siku aliyoshuka kwenye treni ya Dar. Aliingia ofisini kwetu Tabora, kwenye chama cha ushirika wa tumbaku, akanikuta nimezungukwa na mafaili yangu, akaniambia, "Shikamoo mama." Mama! Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Nikamwitikia marahaba huku nimekaza meno.

Aliletwa kutufundisha kadi za matundu. Kila mkulima ana kadi yake, na ukingoni mwa kadi kuna matundu; tundu linalomhusu limekatwa likawa wazi. Ukitaka kujua nani wa Usinge anahitaji mbolea, unapitisha sindano ndefu kwenye rundo, unanyanyua, wanaohusika wanadondoka mezani. Kazi yangu ya siku mbili yeye aliimaliza chai haijapoa. "Idara hii isiwe ghala la karatasi," alimwambia meneja. "Iwaambie mabwana shamba waende wapi kabla mvua hazijaanza." Meneja akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Miaka tisa nimemtunzia kumbukumbu, hata siku moja hakunichekea hivyo! Halafu akatangaza kwamba idara itapata mkuu wake, atamteua kazi ya mbolea ikiisha. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula kikawa hakipiti.

Sasa, wakulima wengi walikuwa wameandikwa mara mbili, mara kwa jina la ubatizo, mara kwa jina la nyumbani. Msichana akaweka utaratibu: kwenye kadi mpya iandikwe herufi moja tu ya jina, kisha jina la baba, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Baba mmoja, kijiji kimoja, mwaka mmoja? Basi ni mtu mmoja, chana kadi ya pili.

Mzaliwa wa Unyamwezi angeshtuka papo hapo. Pacha kwetu ni Kulwa na Doto, na hakuna kijiji kisicho nao. Baba mmoja, mwaka mmoja, K na D. Yeye alikuwa anaona herufi tu. Majina kamili nilikuwa nayasoma mimi kwenye mafaili. Neno likanifika mdomoni, nikalimeza. Si ndiye mtaalamu? Na ajikwae, tumwone. Ila kadi za akina Doto sikuzichana. Nilizifunga uzi nikazitia kwenye droo yangu, niwe na ushahidi siku ya kumwumbua.

Lori la mbolea likaenda Usinge na orodha iliyotoka kwenye kadi zake. Wiki tatu baadaye akasimama dirishani mtu wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametembea kutoka shambani kwake hadi stesheni ya Usinge kupanda treni.

"Pacha wangu kapewa mbolea," alisema. "Mimi nimeambiwa sipo. Miche yangu yote imekuwa njano."

Msichana akaanza kupekua kadi. Meneja akatoka chumbani kwake, uso kaukunja. Na mimi, loo, moyo ulikuwa unacheza ngoma! Nikavuta droo, nikalitua rundo mezani, akina Doto wote.

Nikangoja aumbuke. Badala yake akanikumbatia. "Dada, umetuokoa!" Akamgeukia meneja, mkono wake ungali begani kwangu. "Kosa ni langu. Mwenzangu amezihifadhi, mimi niliagiza zichanwe. Idara mpe yeye."

Meneja akasema sawa, hata hakufikiri. Nilichokitaka nikawa nimekipata, na nikamchukia zaidi kwa kuwa ndiye aliyenipa.

Yule mkulima alikuwa ameiokota kadi yake. Aliisoma taratibu, akautazama uzi, akaitazama droo iliyobaki wazi. Kisha akanitazama mimi, bila hasira.

"Kumbe ulikuwa unajua tupo, binti?"

Mkono wa msichana ukatoka begani kwangu. Nikamwambia yule mkulima asogee pembeni, awapishe wenzake. Nyuma yake hapakuwa na mtu.