Sindano ya Shavu

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji pale Moshi, nikiwa nimetoka Rombo na sare ya kuazima, Daktari wa Usingizi alinionyesha tundu dogo kwenye fuvu la kufundishia. "Nesi, humu hupita mshipa wa fahamu wa uso. Tukipatia hapa, mgonjwa atakula."

Kazi yangu ilikuwa kuchemsha sindano, kupima spiriti safi ya kuua mshipa huo, na kumshika mgonjwa kichwa. Tulifanya hivyo kila Alhamisi. Mama Ndeshi wa Kibosho alikuwa mmoja wa wagonjwa wetu. Upepo tu ukimgusa shavu la kulia, alirushwa kama aliyepigwa na umeme. Hata mtori, ule mchuso laini wa ndizi, ulimshinda. Sindano moja ilimpa miezi ya raha, kisha maumivu yaliporudi, naye alirudi kwetu.

Kipindupindu kikaingia. Barabara za mlimani ziliwekewa vizuizi, chumba chetu kikajazwa chupa za dripu, daktari akapelekwa kambini kwa wanaoharisha. Mume wa Mama Ndeshi aliteremka kwa miguu hadi getini kumwombea mkewe sindano. Nikamfuata Matroni, mkuu wetu wa wauguzi.

"Matroni, yule mama hali chochote."

"Wa kambini wanakufa huku tunawaangalia, nesi. Maumivu hayaui. Mwambie asubiri."

Hakuwa katili, alikuwa hajalala siku nyingi. Nikarudi getini, nikamwambia mzee asubiri.

Tulipofungua tena chumba chetu, Mama Ndeshi aliingia ameziba mdomo kwa kitenge. "Shikamoo, mama," nikasema. Akashusha kitenge. Upande wa kulia hapakuwa na jino hata moja. Alikuwa amemwendea mng'oa meno wa sokoni, akang'olewa moja baada ya jingine, yote mazima, na maumivu yakabaki palepale.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani ni meno."

Daktari alichoma sindano, mimi nimemshika kichwa. Baada ya muda alijipapasa shavu, akalipiga kofi dogo, akacheka, akaomba chai.

Sasa nimestaafu, na kazi ile naitamani mno: harufu ya spiriti, ukimya wa kile chumba, uzito wa kichwa cha mtu aliyekuamini. Wauguzi vijana huniuliza kama Matroni alikosea. Sijui. Dawa sikuwa nayo, wala ruhusa. Lakini mume wa Mama Ndeshi alisimama mbele yangu pale getini, nami nilijua wengi wenye maumivu yale hukimbilia kung'oa meno; ningeweza kumwambia, "Mzee, si meno."