Bwana Shauri na Jicho Langu

Nilipokuwa mtoto kule Newala, Mwingereza akiwa bado anatutawala, Bibi alinifundisha kwamba paka haoni gizani kwa macho yake mwenyewe. Huyaiba ya watu waliolala. Niliamini, kama nilivyoamini sala ya Baba Yetu, maana vyote viwili nilivisikia kwa mdomo uleule.

Basi fikirini balaa lililonikuta. Jicho langu la kushoto lilikuwa limekufa kwa surua. La kulia likaingia mtoto wa jicho, na daktari wa hospitali ya misheni kule Masasi akalipasua. Nikarudishwa nyumbani limefungwa kitambaa, sioni mbele wala nyuma, nangoja siku ya kwenda kufunguliwa. Hilo likiharibika, nilikuwa kipofu wa maisha.

Kitandani alinisubiri paka wetu. Tulimwita Bwana Shauri, kama watu walivyomwita mkuu wa wilaya, kwa kuwa aliketi barazani akiwakodolea watu macho kama anayesikiliza kesi zao. Katika giza lile nilimjua kwa kukoroma kwake na joto la mgongo wake. Kila mtu aliniuliza naendeleaje. Yeye hakuuliza, na nilimpenda kwa hilo.

Bibi alipomkuta amejikunja shingoni kwangu, alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka.

"Mama Agnesi! Umemwacha mtoto na huyu? Nawaambia, kuna mnyama atakuja kulichukua jicho hili!"

"Mama, daktari hakukataza paka," mama yangu alisema taratibu.

"Huyo daktari wako alilelewa na bibi?"

Bwana Shauri akafunikwa tenga, akapelekwa kwa shangazi. Nililia kimoyomoyo, maana hata machozi nilikuwa nimekatazwa.

Maji ya Newala siku zile yalipanda kutoka bondeni vichwani mwa wanawake, na hakuna aliyeyamwaga ovyo kumnawisha mgonjwa asiyetoka kitandani. Nilikula karanga za kukaanga, nikajifuta vidole kwenye shuka, na jicho liliponiwasha nikakipapasa kitambaa kwa vidole vilevile. Juu ya dari tulihifadhi mahindi, na panya wa dari ile walikuwa na pua nzuri.

Asubuhi mama alikuja na uji, kisha akaliweka bakuli chini upesi. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umetafunwa, na kwenye nyusi pana tone la damu. Panya huuma huku akipuliza. Sikuwa nimesikia kitu.

Bibi aliitwa. Akakigusa kitambaa kwa ncha ya kidole, akapumua kwa nguvu.

"Nilisema mnyama atakuja," alisema. "Nimekosea mnyama tu."

Hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa shangazi mchana kweupe, akarudi na Bwana Shauri mgongoni, amemfunga kwa kanga kama mtoto mchanga, mtaa mzima ukimcheka. Akamweka shingoni kwangu.

"Lala na mwenzako. Na wewe, Bwana Shauri, ukiliiba jicho hili nakuchuna ngozi!"

Tangu siku hiyo mama alifagia mikia ya panya chumbani, na kitambaa hakikuguswa tena.

Siku ya kufunguliwa Bibi alikataa kubaki nyumbani. Kule Masasi daktari alipokitoa kitambaa, niliona kwanza dirisha, kisha koti jeupe, kisha uso wa Bibi. Chale za mashavuni mwake, ambazo maisha yangu yote zilikuwa kivuli tu, sasa zilikuwa mistari. Nikazifuata kwa kidole.

"Hapa zinapinda, Bibi."

Akapiga kigelegele humohumo hospitalini. Nesi akamwomba anyamaze. Akapiga kingine, kirefu zaidi, na wagonjwa wakamwitikia kutoka vitandani.

Leo nina wajukuu, na ninaandika haya kwa jicho hilohilo. Watu wanaposimulia imani za wazee wetu, wengine hucheka, wengine hutetemeka. Mimi humwona mwanamke aliyeamini hadi kufa kwake kwamba paka huiba macho. Hakuiacha imani hiyo hata siku moja. Alimwogopa mnyama yule kwa moyo wake wote, na alimbeba mgongoni kuniletea.